Siku Utakapomtendea Mgonjwa Haki, Utatozwa Nini?

Madaktari wenzangu, na nyinyi wadogo zangu mnaosubiri kula kiapo, asanteni kwa kunialika. Mwenyekiti amenimwagia sifa nyingi. Kuna moja hakuitaja, nami naanza nayo: niliwahi kufanya kazi mahali ambapo sikupaswa kutia saini.

Mshahara ulikuwa mnono na haukuchelewa hata siku moja. Jengo safi, mashine mpya. Ila katika chumba cha madaktari, nyuma ya mlango, palikuwa panabandikwa karatasi kila mwisho wa mwezi. Kushoto majina yetu, kulia idadi ya picha za siti skani ambazo kila mmoja ameagiza. Hakuna aliyetuambia tuagize zaidi. Ilikuwa karatasi tu, na jina la aliyeshika mkia limepigwa mstari kwa wino mwekundu. Mwezi wa tatu mstari ukawa juu ya jina langu. Wiki iliyofuata akaja mama mmoja anaumwa kichwa, kichwa kilekile kilichomsumbua tangu usichana wake, upande uleule, hakijabadilika hata kidogo. Nikampima kwa makini, sikuona dalili yoyote ya hatari. Kipandauso. Nikavuta fomu, nikamwandikia siti skani.

Nalisimulia hili kwa sababu tukisikia ajira isiyo na maadili, tunamfikiria bosi anayeingia na bahasha mfukoni. Mimi sikupewa bahasha. Nilipewa karatasi ya kusoma nikiwa nakunywa chai.

Tangu hapo, kila barua ya ajira naiuliza swali moja: siku nitakapomtendea mgonjwa haki, nitatozwa nini? Hakuna kazi isiyotoza kabisa. Mahali pengine utatozwa dakika kumi za maelezo kwa mkuu wa idara, na hilo linavumilika. Pengine utatozwa robo ya kipato chako. Pengine kibarua chenyewe.

Wahenga walisema, mtumikie kafiri upate mradi wako. Labda kwa fundi seremala. Sisi tuna mtu wa tatu ndani ya mapatano yetu, na siku ya kutia saini hakuwepo.

Tuzungumzie fedha, maana hapo ndipo penye mambo. Hakuna njia ya kumlipa daktari isiyo na kishawishi. Ukilipwa kwa kila huduma, mkono unakuwasha kufanya mengi. Ukilipwa fungu moja kwa mwaka kwa kila mtu aliyeandikishwa kwako, unakuwasha kufanya machache. Mshahara mtupu nao una uzembe wake, tusijidanganye. Kwa hiyo usitafute mkataba usio na kishawishi, hutaupata. Tafuta ukubwa wake, na uangalie kimefungwa kwenye nini. Bonasi ya asilimia 5 kwa idara nzima ikipunguza maambukizi ya vidonda baada ya upasuaji, hiyo naweza kulala nayo. Nusu ya kipato changu ikitegemea nimelaza wangapi, hapo silali.

Na soma maneno yenyewe. Niliwahi kuletewa mkataba na kijana mmoja, una kifungu hiki: daktari atapata nyongeza kulingana na mchango wake katika ukuaji wa taasisi. Nikamuuliza, mchango ni nini? Hajui. Nikamwambia aandike aulize. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: mchango ni jumla ya mapato ya maabara na famasia yanayotokana na wagonjwa wake. Basi neno la heshima likavuliwa joho, tukaona kamisheni.

Msiniambie kwamba ninyi ni waadilifu, hamtayumba. Mwaka 1989 Marekani ilitunga sheria ya kumzuia daktari asipeleke wagonjwa wa bima ya serikali, Medicare, kwenye maabara ambayo yeye mwenyewe ana maslahi ya kifedha. Baadaye ikapanuliwa hadi huduma nyingine. Kinachonivutia ni kwamba sheria hiyo haihitaji kuthibitisha nia mbaya: ukishatoka nje ya vighairi vyake, yaani hali chache inazoziruhusu, umekosa. Hata mimi na fomu yangu ya siti skani, nia yangu haikuwa mbaya. Nilikuwa nimechoka kuona mstari mwekundu, basi.

Vifungu vya kufunga mdomo. Mkataba ukisema hutatoa taarifa yoyote ya taasisi kwa mtu yeyote, omba iongezwe sentensi moja: isipokuwa kwa mgonjwa anayehusika, kwa baraza la madaktari na kwa mahakama. Mwajiri asiye na la kuficha ataiandika kabla chai haijapoa. Anayeanza kukwambia “hilo halina haja, sisi hapa ni familia”, huyo umwangalie mara mbili.

Zamu nazo uziulize bila aibu. Tamko la Geneva, kiapo chetu cha mwaka 1948, liliporekebishwa mwaka 2017 liliongezewa ahadi ya daktari kutunza afya yake mwenyewe ili atoe huduma ya kiwango cha juu. Kwa hiyo ukiuliza unalala saa ngapi, unauliza suala la mgonjwa.

Kuna ajira ambazo anayekulipa na anayetibiwa wana maslahi tofauti waziwazi: gerezani, jeshini, kiwandani, kwenye timu ya mpira. Sisemi mzikimbie, mfungwa anahitaji daktari kuliko mimi na wewe. Tamko la Tokyo la mwaka 1975 limeshachora mpaka wa mwisho, kwamba daktari hashiriki mateso wala hayapi baraka. Lakini wengi wenu hamtafika kwenye mpaka huo. Mtakutana na meneja anayetaka kujua mfanyakazi fulani ana ugonjwa gani. Ndiyo maana nauliza jambo dogo sana: kabati la mafaili ya wagonjwa, ufunguo anakaa nao nani?

Wanaoitwa kwenda nje ya nchi zao wanisikilize kidogo. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2010 kanuni za uajiri wa kimataifa wa wahudumu wa afya, na orodha yake ya mwaka 2023 ina nchi 55 zenye uhaba mkubwa, ambazo waajiri wa nje hawapaswi kwenda kuzichota watu kwa kampeni. Mzigo huo uko kwa serikali na waajiri. Haki yako ya kuhama haijafutwa. Mimi simsuti anayeondoka. Namsuta wakala anayemtoza ada, anayeshika pasipoti yake, kisha anamwekea faini akitaka kuacha kazi.

Na msichanganye upungufu na uovu. Hospitali inayokosa dawa, ikasema wazi inakosa, ikakuacha uandike rufaa, ni mahali pa heshima. Nina wasiwasi zaidi na ile yenye kila kitu ambayo rufaa inahitaji saini ya mhasibu.

Kabla ya kusaini, nenda ukapaone, tena usiku. Zungumza na muuguzi wa zamu. Muulize: mara ya mwisho daktari alipokataa agizo la uongozi, ilikuwaje? Jibu lake ni muhimu, lakini kabla hajajibu, mwangalie kama atageuka kwanza kutazama mlango. Kisha mtafute aliyeacha kazi pale, umpigie simu.

Nimeona mkono pale nyuma. Sema, mdogo wangu.

Anauliza: na kama nina deni la masomo na barua ni hiyo moja tu? Swali zuri, na sitakudanganya kwamba njaa haina nguvu. Ingia, lakini jiwekee tarehe ya kutoka, umwambie mtu mmoja tarehe hiyo. Na siku ya kwanza amua ni fomu gani hutaijaza.

Mwingine? Ndiyo, dada yangu.

Anauliza yule mama ilikuwaje, picha ilionyesha nini.

Haikuonyesha kitu. Nilimwambia picha yako ni safi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Mwisho wa mwezi jina langu halikuwa na mstari. Nilikaa pale miezi 11 zaidi.