Kolesteroli ya Chini, Moyo Hatarini: Kusoma Damu ya Mgonjwa wa Baridi Yabisi

(Mhadhara kwa matabibu, wauguzi na wanamaabara, Kisumu)

Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, nanyi mliodamka alfajiri kutoka Siaya, Vihiga na Homa Bay, hamjambo? Karibuni.

Nianze na karatasi ya maabara. Tuseme ni ya mama wa miaka 52 kutoka Ahero. Vidole vimevimba, na kila asubuhi hawezi kukunja ngumi mpaka saa nne. Kolesteroli jumla ni milimoli 3.4 kwa lita, LDL (ile inayoziba mishipa) 1.7, HDL (ile inayoilinda) 0.9. Presha ni 138 kwa 86. Hana kisukari, wala hajawahi kuvuta sigara. ESR, yaani kasi ya seli za damu kushuka mrijani, ni 74; CRP, protini ya ini inayopanda kinga inapochochea uvimbe, ni 46; zote mbili ziko juu. Wengi wetu tungeitupia jicho ile LDL na kumwambia, "Mama, moyo wako uko sawa." Karatasi hiyohiyo inasema kinyume, ila tumeusoma mstari mmoja tu.

Nikitaja baridi yabisi leo sizungumzii kila goti linalouma. Nazungumzia ile ya rumatoidi, ambapo kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utando wa viungo. Wenye ugonjwa huu hupata maradhi ya moyo na kiharusi takriban mara moja na nusu ya watu wengine. Sababu ni kwamba mchochota, yaani uvimbe na joto linalowashwa na kinga, haubaki kwenye kiungo. Seli za kinga humwaga kemikali kama TNF na IL-6 kwenye damu. IL-6 ikifika kwenye ini, ini hutengeneza CRP kwa wingi. Kemikali hizohizo huuchokoza utando wa ndani wa ateri, mafuta yakaanza kujishika pale, na magamba ya mafuta yaliyokwisha kujengeka yakawa rahisi kupasuka.

Sasa, mbona kolesteroli ishuke? Kwa sababu mchochota unapowaka, mwili huyaondoa mafuta kwenye damu kwa kasi kuliko kawaida. LDL inashuka, HDL nayo inashuka, na hata ile HDL iliyobaki hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuilinda mishipa. Mgonjwa akianza dawa inayomfaa, viungo vikapoa, kolesteroli hupanda. Tabibu asiyelijua hili atadhani dawa imemharibu mgonjwa, aikatize. Tafadhali msifanye hivyo. Pimeni mafuta ugonjwa ukiwa umetulia, kisha mpime tena kila mnapobadilisha dawa kwa kiasi kikubwa. Kipimo kilichochukuliwa wakati wa moto kiandikieni pembeni CRP ya siku hiyohiyo, la sivyo atakayelisoma faili mwakani atapotoka.

Kuhusu CRP yenyewe. Mmeziona zile ngazi za hatari ya moyo: chini ya miligramu 1 kwa lita ni hatari ndogo, 1 hadi 3 ya wastani, juu ya 3 kubwa. Ngazi hizo zilipangiwa watu wasio na mchochota. Mwenye CRP 46 amezipita zote, kwa hiyo hazikuambii lolote kuhusu ateri zake. Kwake CRP inakuonyesha moto una ukubwa gani na kama dawa inauzima. Ikibaki juu mwezi baada ya mwezi, hiyo ndiyo habari ya moyo. Halafu tazameni vizio! Mashine moja hutoa miligramu kwa lita, nyingine miligramu kwa desilita, na tofauti ni mara 10. Jibu la "4.6" linaweza kuwa 46.

Huku kwetu ziwani kuna mtego mwingine, malaria. Malaria hupandisha CRP juu sana, sawa na nimonia au jipu la jino. Mgonjwa akija na homa, pima malaria kwanza, mtibu, kisha rudia CRP baada ya wiki mbili. Malaria, homa ya ini na kifua kikuu huweza pia kukifanya kipimo cha damu cha baridi yabisi, rumatoidi fakta, kisome chanya kwa mtu asiye na baridi yabisi kabisa. Anti-CCP, kipimo kingine cha ugonjwa huohuo, hudanganya mara chache zaidi. Ila kwa mgonjwa aliyethibitishwa, zote mbili zikiwa chanya zina uzito: ugonjwa wake huelekea kuwa mkali, na hatari ya moyo nayo hupanda.

Wanamaabara, ESR ni yenu. Damu sehemu 4 kwa sehemu 1 ya sitrati, ile inayozuia damu isigande. Sitrati ikizidi, jibu linaharibika. Mrija usimame wima kabisa, kwani ukiinama hata kidogo seli huteleza ukutani na jibu linapanda. Usiuweke dirishani penye jua la Kisumu, kwani joto huharakisha kushuka kwa seli. Sampuli iliyopakiwa bodaboda asubuhi ikasomwa jioni haifai. Ipimwe ndani ya saa 4. Upungufu wa damu hupandisha ESR. Ugonjwa wa seli mundu huishusha, kwa sababu seli zenye umbo hilo hazipangani kama sarafu. Kwa hiyo ESR ya 8 kwa mwenye seli mundu isimtulize mtu. Tumieni CRP.

Hesabu ya hatari ni fupi. Chukua chati ya WHO ya 2019 ya ukanda wetu, soma asilimia ya uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi katika miaka 10, zidisha kwa 1.5. Ikisoma 7, inakuwa 10.5, naye ametoka rangi ya njano akaingia ya chungwa. Kuna vifurushi vya vipimo vya gharama vinavyopima protini 12 za damu kwa mpigo. Sivipingi, lakini mgonjwa ambaye presha yake haijapimwa mwaka mzima havihitaji.

Na tiba? Kulifanyika jaribio Marekani liitwalo TARGET, kwa wagonjwa ambao methotreksati, dawa kuu ya baridi yabisi, peke yake haikuwatosha. Kundi moja liliongezewa sindano za kuzuia TNF, jingine vidonge vya salfasalazini na haidroksiklorokwini. Baada ya wiki 24, picha zilionyesha mchochota wa ateri umepungua katika makundi yote mawili, bila tofauti ya maana. Vidonge ambavyo mgonjwa wetu anaweza kuvimudu havikushindwa na sindano. Lakini jaribio hilohilo lilionyesha kwamba kupoa kwa viungo hakukwenda sambamba na kupoa kwa ateri. Basi mgonjwa akikunja ngumi vizuri, presha na sukari bado zipimwe.

Prednisoloni, ambayo ni steroidi, na diklofenaki, dawa ya maumivu, za kemisti ndizo zinanikera. Maumivu yanaisha, mgonjwa anashukuru, huku presha na sukari zinapanda, na diklofenaki yenyewe ni hatari kwa moyo. Prednisoloni iwe dozi ndogo, kwa muda mfupi, wakati methotreksati ikishika kazi.

Methotreksati ni mara moja kwa WIKI. Kidonge kikiwa cha miligramu 2.5, dozi ya 15 ni vidonge 6, siku moja tu. Andika jina la siku, "Jumatatu", wala usiandike "1x1", akadhani ni kila siku. Foliki asidi miligramu 5, siku nyingine. Kabla ya salfasalazini, uliza kama amewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya dawa, kwani upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu, si mgeni huku. Na kabla hujaandika methotreksati yoyote, uliza kama anameza Septrin, ile antibiotiki. Wengi wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI huimeza kila siku na hawaihesabu kuwa dawa. Hizo mbili zikikutana, uboho unaweza kuacha kutengeneza damu.