Santuri za Piano: Hizi Zinaleta Ngapi?

Mhadhara uliotolewa Kisumu kwa wapenzi wa santuri wa mji huo na wageni wao kutoka Nakuru

Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama na vijana, hamjambo. Nimeyaona masanduku pale karibu na mlango, na najua kila mwenye sanduku ana swali lile lile: hizi zinaleta ngapi? Nitajibu, ingawa wengine hamtalipenda jibu.

Santuri za piano ninazoletewa aghalabu zilitoka kwa walowezi wa upande wa Nakuru, kwa wamisionari, au kwa familia za Kihindi zilizokuwa na maduka hapa mjini. Aliyezirithi huona mwaka 1958 kwenye jalada, akapiga hesabu ya miaka, na bei ikaanza kupanda kichwani. Umri pekee hauleti pesa. Kinacholeta pesa ni wanunuzi wengi kugombea nakala chache zilizo safi.

Mchukueni Van Cliburn. Kijana Mmarekani wa miaka 23, akashinda shindano la Tchaikovsky mjini Moscow mwaka huo huo wa 1958, wakati Marekani na Wasovieti hawapikiki chungu kimoja. Kampuni ya santuri ya RCA ikatoa konseto ya kwanza ya Tchaikovsky akiipiga yeye, ikauza nakala zaidi ya milioni. Ni muziki mzuri, mimi mwenyewe ninayo. Lakini nakala ya kawaida ukiiuza leo, pesa utakazopata zitatosha sahani ya samaki hapa ziwani, na ugali labda ujiongezee mwenyewe.

Sasa mtazameni Annie Fischer, mpiga piano Mhungari, aliyerekodi kwa Columbia ya Uingereza. Stereo, yaani sauti ya njia mbili, ilikuwa ndiyo kwanza inaingia sokoni na nyumba nyingi zilikuwa bado na mashine za mono, za njia moja, kwa hiyo nakala za stereo, zile ambazo namba yake huanza na SAX, zilitolewa chache. Ukikuta SAX yenye lebo ya kwanza, ya buluu na fedha, keti chini kwanza. Onesho lile lile kwa mono, namba ikianza na 33CX, kwa kawaida huenda kwa bei ya chini zaidi. Na msichanganye: Columbia ya Marekani ni kampuni nyingine kabisa. Hiyo ndiyo iliyotoa Goldberg Variations za Bach, zikipigwa na Glenn Gould, iliyorekodiwa 1955 na kutoka 1956.

Lakini hata SAX inaweza kuwa takataka, na hapa ndipo piano inapotofautiana na ala nyingine. Mpiga fidla hutikisa kidole juu ya uzi, sauti ikapepea kwa makusudi, na mambo mengi yanafichika humo. Noti ya piano ikishapigwa hubaki pale pale ikififia. Tundu la santuri likiwa pembeni hata kwa nusu milimita, noti ndefu itayumba, na mnunuzi ataisikia. Mkwaruzo nao: ukiupitisha ukucha ukakwama, tarajia mlio kila baada ya sekunde 1.8, maana santuri hii huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Kwenye muziki wa dansi ngoma zitaumeza. Kwenye mwendo wa polepole wa Beethoven utausikia mpaka uzime mashine.

Kwa hiyo mimi huanza kusikiliza mwishoni. Kwenye ukingo wa nje mfereji, ule mstari uliochongwa wenye sauti, hupita chini ya sindano kwa kasi ya karibu sentimita 50 kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 21 tu. Sauti ile ile imebanwa mahali padogo, na watunzi wana tabia ya kuweka kishindo mwisho wa sonata. Radiogramu, zile redio zenye mashine ya santuri ndani, zilizokuwa na sindano nzito zilikuwa zikichimba hapo hapo. Noti za juu zikikwaruza kooni, mfereji umeliwa, na hakuna sabuni itakayourudisha.

Kutazama tunatazama pia, lakini kwa mwanga wa jua wa dirishani, si taa ya tyubu. Inamisheni santuri polepole. Kisha tazameni kuzunguka tundu: vile vistari vyembamba ni vya mwenye nyumba aliyekuwa akitafuta tundu kwa kupapasa, kila alipoweka santuri. Vikiwa vingi, ilipigwa sana, hata jalada liking'aa vipi. Za hapa ziwani nyingi zina ukungu. Ule mwingi husafishika; mfereji ulioliwa, hapana.

Kwenye sehemu laini iliyo kati ya muziki na lebo mtaona herufi ndogo zilizogongwa. Hizo huonyesha namba ya muhuri, yaani bamba la chuma lililogandamiza santuri. Kampuni ya Decca walitumia neno BUCKINGHAM kama hesabu, B ikiwa 1, U 2, hadi M ambayo ni 0. EMI, kampuni yenye lebo za Columbia ya Uingereza na HMV, walitumia GRAMOPHLTD kwa namna hiyo hiyo. Ndiyo maana G kwa EMI ni muhuri wa kwanza, na kwa Decca ni wa saba. Mwanzo wa orodha hupendwa zaidi.

Bei sasa. Msiniletee bei anayoitaka muuzaji fulani wa mtandaoni. Kutaka hakuna kodi. Discogs, tovuti ya santuri, huonyesha bei za zile zilizokwisha kuuzwa: ya chini, ya kati na ya juu. Shikeni ya kati, mkiwa wakweli kuhusu hali. Santuri ya daraja la VG, yaani “very good” ingawa si daraja la juu, ambayo kwa rumba au benga bado ina mteja, kwa piano wengi hawaigusi.

Mama pale mbele ameuliza kuhusu zile nzito zinazovunjika, za mizunguko 78. Hizo, mama, si plastiki, ni shelaki. Usizifute kwa spiriti hata kidogo, kwa sababu spiriti huiyeyusha shelaki. Maji safi yaliyochujwa, kitambaa laini, na lebo isiloe. Za piano katika kundi hilo nyingi hazina bei, lakini nitazipitia zako moja moja baada ya chai.