Bei Iko Mdomoni

Asanteni. Nimepewa dakika ishirini za kuzungumzia bei anazotajiwa msafiri, na nimeombwa kwa adabu nisirudie habari ya yule nyumbu. Basi naanza na yule nyumbu.

Si nyumbu wa Mara, jamani. Nasema yule ambaye baba yake punda, mama yake farasi. Mwaka 2018 nilifunga safari peke yangu hadi Lalibela, Ethiopia. Yale makanisa 11 yaliyochongwa mwambani mmeyaona kwenye picha, siyarudii. Mimi nilikuwa nataka monasteri ya Ashetan Maryam, juu kabisa mlimani, zaidi ya mita 3,000. Kwanza nilikuwa nimeitamani Debre Damo, kule Tigray, ambako mtu hukwea jabali la kama mita 15 kwa kamba ya ngozi, lakini huko mwanamke hakanyagi. Hata mbuzi jike hapandishwi! Nikasema haya, baki na mlima wako.

Sasa sikieni. Siku ya kwanza mjini nilikuwa nimejitanda shuka, na kila mtu ananisemesha Kiamhari. Nikanyoosha kidole kwenye buli, nikanywa chai, nikatoa noti, nikarudishiwa chenji. Siku ya pili nikajitia msomi, nikauliza kwa Kiingereza chai ni bei gani. Mama yule yule, kikombe kile kile chenye ufa kwenye mkono: bei mara tatu. Rangi yangu haikubadilika usiku ule. Ni mdomo. Nilikuwa nimeshakuwa ferenji, yaani mgeni wa kutoka nje.

Kwa hiyo jioni ile nikamwomba kijana wa hotelini anifundishe kuhesabu. And, hulet, sost, arat, amist. Mia ni meto. Nikaenda kwa mwenye nyumbu nikamwambia sost meto, mia tatu birr, kwenda na kurudi, nyumbu na mwenyewe. Akacheka, akakubali, tukaagana saa moja. Na hapa Mswahili ana bahati yake, kwa sababu saa yao ni kama yetu: saa moja ni asubuhi, jua likishachomoza. Mzungu mmoja aliyeambiwa 'saa moja' nasikia alitokea adhuhuri, nyumbu ameshachoka.

Tukapanda. Katikati ya mlima nageuka, naona kuna mtu wa pili anamsukuma nyumbu kwa nyuma. Huyu ni nani? Msaidizi. Nani kamwita? Kimya. Mbele kidogo, pale njia inapobana mwambani, mwenye nyumbu akasimama: mia tatu ni za nyumbu, za kwake bado, za msaidizi bado. Nikashuka. Sikupiga kelele. Nikakaa juu ya jiwe, nikatoa chapati yangu, nikaimega, nikawapa na wao. Tukala. Nikarudia pole pole: sost meto, nyumbu na wewe. Nikamwonyesha yule wa pili kwa kidole, nikatikisa kichwa. Tulikaa kama nusu saa hivi, nyumbu anakula nyasi, hana habari. Mwishowe msaidizi akashuka zake, na mwenye nyumbu akanishika mkono kunipandisha. Huko juu padre mzee akatutolea misalaba ya zamani imefungwa kwa kitambaa. Hakutaja hela hata mara moja. Nikaweka sadaka yangu kwa hiari, na niliitoa kwa moyo mweupe kwa sababu njiani sikuwa nimepunjwa.

Najua mtasema: mama, hizo pesa ni kitu gani kwako, na yule ni maskini? Ni kweli, ni maskini. Mwaka 2021 vita vilipofika Lalibela na wageni wakakatika, mtu wa kwanza niliyemfikiria ni yeye. Lakini maskini mpe bakshishi, tena mpe vizuri, mkishafika. Bei ya kubadilishwa katikati ya mlima si umaskini. Na msichanganye na dola 50 nilizolipia tiketi ya makanisa safari ile. Hizo sikubishana nazo, zilikuwa na risiti. Hata sisi pale hifadhi ya Lake Nakuru raia ana bei yake na mgeni ana yake, wazi, mchana kweupe. Hiyo ni ada.

Na msicheke Wahabeshi. Nimeishi Kisumu miaka thelathini, lakini Kiswahili changu bado ni cha Mombasa. Mwaka juzi, kutoka kituo cha mabasi hadi Dunga, bodaboda mmoja alinisikia nikisema 'nipeleke mwanangu', akanitajia nauli ya kunifikisha Ahero, mbali kabisa. Jamwa, yaani si Mjaluo! Nikamjibu kwa Kijaluo changu kibovu. Hapo hapo ikashuka nusu. Na nyinyi wa maboti hapo mbele, mnaowafanyia abiria hayo hayo, msiinamishe vichwa, nawaona.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Yaliyobaki basi haraka haraka: beba noti ndogo, mwenye noti kubwa hana chenji popote duniani. Kanisani utavua viatu, na kuna atakayejitokeza kuvilinda. Mwulize malipo kabla hujavivua. Jina la hoteli yako usimpe mtu wa njiani. La wanawake kusafiri peke yao lilitaka saa nzima, tutalipangia siku. Wewe wa boti la buluu, uliza swali lako, na utuanzie na bei.