Jengo Linasubiri Nini? Mhadhara kuhusu muda wa kujenga majengo ya biashara

Shikamooni wakubwa zangu. Na ninaolingana nao, habari za jioni.

Wengi wenu hapa mna viwanja mjini Dar es Salaam na mnataka kujenga: maduka chini, ofisi juu, pengine ghorofa sita, pengine kumi. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni "Litachukua muda gani?" Jioni hii naomba tuliweke kando, tushike jingine: jengo litasubiri nini? Kwa maana kazi ya mikono, ile mnayoiona mkipita barabarani, ni sehemu tu ya muda. Sehemu kubwa inaliwa na kusubiri, na kusubiri sikuoni kwenye ratiba nyingi ninazoletewa.

Tuanze na zege, kwa sababu zege haliombwi wala halihongwi. Nguvu ambayo mhandisi aliipigia hesabu hupimwa siku ya 28. Siku ya 7 tunavunja maabara vipande vya kwanza vya mchemraba vya zege hilo, tujue kama tunaelekea pazuri, lakini hukumu ni ya siku ya 28. Slabu ikimwagwa leo, kesho mafundi wanapanda juu yake kupima nguzo na kusuka nondo. Chini yake, hata hivyo, mirunda, zile nguzo za muda zinazoishikilia slabu, haing'oki mpaka mhandisi aridhike, na mirunda ikijaa chini, fundi wa tofali hapiti, wa mabomba hapiti, wa umeme hapiti. Ndiyo maana kwa majengo ya kawaida ya hapa kwetu mimi huhesabu wiki tatu hadi nne kwa kila ghorofa. Akija mkandarasi anayekuahidi ghorofa kwa wiki moja, usimfukuze. Muulize ana seti ngapi za boksi, yaani mbao za kushikia zege mpaka likaze, na mirunda, anachanganya nini kwenye zege ili likaze mapema, na nani atatia saini siku ya kuvua boksi. Akikujibu vizuri, inawezekana. Akicheka, achana naye.

Najua mmoja wenu atasema: mbona New York walijenga Empire State Building, ghorofa 102, kwa mwaka mmoja na ushei? Ni kweli. Uchimbaji ulianza Januari 1930, jengo likafunguliwa tarehe 1 Mei 1931. Lakini tazama walivyofanya. Fremu yake ni ya chuma, na chuma hakingoji siku 28. Kilikatwa viwandani na kuletwa tayari kufungwa. Ghorofa nyingi zilifanana, hivyo fundi alirudia kazi ileile mpaka mikono ikazoea. Kila ghorofa iliwekewa reli ndogo za vitoroli ili vifaa vimfikie fundi, si fundi avifuate. Wafanyakazi walifika zaidi ya 3,000 kwa siku. Maana yake hawakukimbia kuliko sisi, waliondoa kusubiri. Na sehemu ambayo haisimuliwi sana: jengo liliisha mapema katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, likakaa miaka mingi na wapangaji wachache, mpaka watu wa mji wakalitania kuwa ni jengo tupu. Tutarudi kwenye wapangaji.

Sasa mchoro. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wenye majengo wanapojiumiza wenyewe. Mwaka 1959 Sydney, Australia, walianza kujenga jumba lao la opera. Walitarajia liishe mwaka 1963. Serikali ilikuwa na haraka zake, ikataka kazi ianze, ilhali msanifu wake, Jørn Utzon wa Denmark, alikuwa bado hajapata namna ya kuyajenga yale mapaa yanayofanana na matanga. Msingi na jukwaa vikajengwa kabla hakujajulikana paa litakuwa na uzito gani. Paa lilipopatiwa ufumbuzi, nguzo zilizokwisha kujengwa zikaonekana haziwezi kulibeba, zikavunjwa na kujengwa upya. Utzon aliondoka mwaka 1966 baada ya kugombana na serikali. Jumba likafunguliwa mwaka 1973. Makadirio ya kwanza yalikuwa dola za Australia milioni 7; mpaka kufunguliwa yalikwisha kufika milioni 102.

Leo dunia nzima inalipenda jumba lile, na mimi nalipenda. Ila wewe hujengi alama ya taifa, unajenga maduka kwa mkopo wa benki, na riba haijali uzuri. Nimeona hapahapa mjini msingi unachimbwa huku mwenye jengo hajaamua kama anataka maegesho ya chini ya ardhi. Nimeona slabu imemwagwa, kisha mpangaji mtarajiwa, benki, akaomba chumba cha hazina, na kuta za chumba cha hazina ni nzito. Kila mwezi unaoutumia kubishana na msanifu mezani, ukiwa na karatasi na raba, ni mwezi wa bei nafuu kuliko yote utakayoipata katika mradi huu. Msiuonee choyo.

Vibali. Sitawachosha. Kibali cha ujenzi cha halmashauri, tathmini ya mazingira kupitia taasisi ya taifa ya mazingira, michoro kupitiwa na Zimamoto, mradi kusajiliwa kwenye bodi za wataalamu na ya makandarasi, eneo la kazi kusajiliwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Kosa si kwamba vinachukua muda. Kosa ni kuvipanga kimoja nyuma ya kingine kama foleni ilhali baadhi vinaweza kwenda sambamba. Kaa na mshauri wako, chora kipi kinategemea kipi. Mbinu hii ina jina, kwa Kiingereza Critical Path Method, na historia: mwaka 1957 kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuitumia kupanga kazi za viwanda vyake, ikitafuta ule mnyororo wa kazi ambao ukichelewa siku moja, mradi wote unachelewa siku moja. Kazi zilizo nje ya mnyororo zinaweza kulegea kidogo bila madhara. Meneja mzuri ajue mnyororo wake uko wapi wiki hii, kwa sababu unahama.

Kwa sisi wa pwani, ardhi na mvua viko ndani ya mnyororo huo karibu kila mara. Katikati ya mji maji ya chini hayako mbali. Shimo la msingi likienda chini, pampu zinafanya kazi mchana na usiku, na nyumba ya jirani lazima ishikwe isije ikafuata udongo. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Hizo si siri za serikali. Basi kwa nini naletewa ratiba ambayo shimo linafunguliwa Machi? Kwa sababu mtu alihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya ufunguzi aliyoipenda. Ukihesabu kurudi nyuma, Machi inaonekana kama mwezi mwingine wowote.

Vitu vya kuagiza nje navyo. Lifti hutengenezwa kwa vipimo vya jengo lako, kwa hiyo ni miezi kiwandani kabla hata ya kupanda meli. Watu wanaiagiza fremu ikiwa imefika juu. Iagizwe msingi ukiwa bado unajengwa. Na kuanzia mwishoni mwa 2023, meli nyingi zilikwepa Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Njia ya mzigo wa China haikuguswa na hilo, haipiti Bahari ya Shamu. Ya mzigo wa Ulaya iliguswa. Ratiba isiyosema kifaa kinatoka wapi haijakamilika.

Fedha husubiriwa kuliko saruji. Mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ya mwaka 1999, ile ya kitabu chekundu, inampa mwenye jengo hadi siku 56 za kulipa tangu mhandisi apokee maombi ya malipo. Mkandarasi mwenye mtaji mdogo hawezi kungoja siku 56 na vibarua wanaolipwa kwa wiki. Atapunguza watu, taratibu, bila kukwambia. Utapita utaona watu wanane mahali walipokuwa arobaini. Hapo mchelewaji ni wewe.

Namna ya kukadiria nitaieleza kwa mfano mmoja. Nguzo za msingi za kuchimbia: mambo yakienda vizuri sana ni wiki 6, kwa kawaida 8, yakiharibika 16. Zidisha ile ya kawaida mara nne, ongeza zile mbili, gawa kwa sita: unapata wiki 9. Si 8. Wiki moja inaonekana ndogo, lakini ifanye kwa kazi kumi za mnyororo. Kisha fanya jambo ambalo wanasaikolojia Kahneman na Tversky walilishauri tangu 1979: acha kulitazama jengo lako peke yake, tafuta majengo matatu yanayofanana nalo yaliyoisha, uliza yalichukua muda gani hasa. Kama yote matatu yalichukua miezi thelathini na yako ni kumi na minane, unatakiwa ueleze kwa nini. Mwenye jengo hupenda kuchagua mkandarasi mwenye miezi michache kuliko wote. Mchagua nazi hupata koroma.

Mwisho wa kazi ndio mrefu kuliko unavyodhani. Uwanja wa ndege wa Brandenburg, Berlin, ulikuwa ufunguliwe Juni 2012. Ufunguzi ukafutwa wiki chache kabla, kwa sababu mifumo ya kuzima moto na kutoa moshi haikukubalika. Uwanja ukafunguliwa Oktoba 2020. Jengo lilikuwa limesimama, linang'aa. Hapa kwetu ni transfoma ya TANESCO, ukaguzi wa lifti, cheti cha Zimamoto. Jengo lililopakwa rangi lisilo na umeme halina kodi. Kwa hiyo kwenye mkataba wa mpangaji usiandike tarehe. Andika idadi ya siku tangu cheti cha kukamilika kitolewe, na umpe muda wake wa kutengeneza duka lake.

Nimeletewa karatasi: "Naweza kufungua maduka ya chini huku ghorofa za juu zinaendelea?" Ndiyo, ikiwa iliamuliwa kwenye mchoro: mlango na ngazi zake peke yake, kinga ya vitu vinavyoanguka, umeme uliotenganishwa, na idhini ya maandishi ya mhandisi na Zimamoto. Ongeza muda wa juu, kwa sababu winchi haitabeba mzigo juu ya vichwa vya wateja mchana. Ikiwa wazo limekuja katikati, kwa sababu fedha zimepungua na Kariakoo inalipa, jibu langu ni hapana. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo liliporomoka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa madukani.

Karatasi nyingine?