Kipindi cha leo: Daraja lenye paa, na ndoo saba za Salum

MWANAIDI: Karibuni tena. Leo Salum amekaa karibu na mlango, na waliozoea kipindi hiki hawatauliza kwa nini.

SALUM: Nimeoga, jamani.

MWANAIDI: Siku tatu chini ya daraja la mbao lenye paa, katoka na ndoo sita za uchafu.

SALUM: Saba. Ya saba ilikuwa mavi ya njiwa matupu.

MWANAIDI: Basi. Leo tuna hatua tano za kupanga ukarabati wa daraja la kihistoria la aina hiyo: vipimo, ukaguzi, hesabu za mzigo, kuinua kwa jeki, na kinga ya moto. Anza na vipimo.

SALUM: Naanza na ufagio.

MWANAIDI: Ufagio haumo kwenye orodha.

SALUM: Ndipo orodha ilipokosea. Kenchi ya ubavuni, yaani ile fremu ya mbao inayobeba daraja kila upande, ina boriti ya chini, ndiyo inayovutwa. Inaoza wapi? Katikati ya mto mara nyingi utaikuta nzima. Inaoza mwishoni, pale inapolala juu ya ukuta wa mawe. Magari yanaingia na tope na kokoto, na kwenye nchi za baridi yanaingia na theluji yenye chumvi. Vyote vinadondoka kwenye nafasi za mbao za sakafu, vinajaa kuzunguka mwisho wa boriti na magogo ya kulalia yaliyo chini yake. Rundo lile halikauki. Kuvu wa kuozesha mbao anastawi unyevu ukipita kama asilimia 28. Ukisoma zaidi ya 20 anza kuuliza maswali.

MWANAIDI: Na kipima unyevu cha sindano kinadanganya hapo.

SALUM: Hakidanganyi, kinasoma sentimita mbili tatu za juu tu. Boriti ina unene wa sentimita 30, na uozo umeanzia chini, kwenye mgusano. Ukigonga kwa nyundo juu, inalia vizuri kabisa. Ndiyo maana mimi nafagia kwanza, nachoma msharasi kutoka ubavuni na chini, halafu naleta ile drili ya sindano nyembamba inayochora ukinzani wa mbao. Ukipima kabla ya kufagia, unaandika ripoti ya uchafu.

MWANAIDI: Kwa hiyo mhandisi anapanda ndege na ufagio.

SALUM: Na koleo.

MWANAIDI: Zamani huko Marekani na Kanada, msimu wa theluji, mtu alikuwa *anatia* theluji ndani ya daraja kwa koleo ili magari ya kuteleza yapite. Wewe ungemfukuza.

SALUM: Ningemsubiri theluji iyeyuke nimpe ufagio.

MWANAIDI: Tungekuwa hatua ya pili sasa.

SALUM: Paa ni ufagio pia.

MWANAIDI: Ehe, haya.

SALUM: Kazi ya paa na kuta ni kulinda kenchi. Kenchi ya mbao ikiachwa wazi inaweza kuchakaa ndani ya miaka kumi, kumi na tano hivi. Ikifunikwa inapita mia. Daraja la Cornish–Windsor, kati ya New Hampshire na Vermont, ni la 1866. Kwa hiyo siku ya kwanza ya mradi, hata kabla ya michoro, ziba paa linalovuja na rudisha mbao za ukuta zilizong'oka. Wengine wanaacha paa hadi mwisho kwa sababu ndilo linalopigwa picha, na wakati michoro inazunguka ofisini, mvua inakula viungo.

MWANAIDI: Hapo nakubali. Sasa mzigo. Kenchi ya kimia, ile ya Ithiel Town ya 1820, ni mbao zilizopishana mshazari na kufungwa kwa vigingi vya mwaloni. Unahesabu, unakuta boriti za sakafu ndizo dhaifu kuliko vyote, na kenchi haifiki mzigo wa gari la zimamoto. Mimi naweka boriti za chuma chini ya sakafu, kutoka ukuta hadi ukuta.

SALUM: Basi huna daraja. Una banda lililopanda daraja la mtu mwingine.

MWANAIDI: Banda linalopitisha zimamoto.

SALUM: Badilisha boriti za sakafu kwa mbao za kubandikwa tabaka. Unga boriti ya chini pale palipooza tu. Kenchi ibebe. Miongozo ya Marekani ya ukarabati wa majengo ya kihistoria inasema kinachotengenezeka kitengenezwe, kisibadilishwe.

MWANAIDI: Miongozo hiyohiyo inasema nyongeza iwe inayoweza kuondolewa bila kuharibu cha zamani. Chuma changu unakifungua kwa spana. Wewe ukikata mita tatu za boriti ya asili, utazirudisha na nini?

SALUM: Nakata kilichooza. Na chuma chako kinashuka chini, kinapunguza nafasi ya maji. Mafuriko ya kimbunga Irene, Agosti 2011, yalichukua daraja la Blenheim la 1855 huko New York na Bartonsville la 1870 huko Vermont.

MWANAIDI: Yalichukuliwa kwa sababu mto ulipanda. Usinisingizie chuma.

SALUM: Sisingizii. Nasema mto unapanda, wewe unalishusha daraja lifuate magogo yanayoelea.

MWANAIDI: Ninaweza kukificha ndani ya kimo cha sakafu.

SALUM: Kwa urefu wa mita 30? Boriti ya kimo hicho itanesa, na kenchi itabeba mzigo uleule uliosema haiwezi.

MWANAIDI: Kwa mita 15, ambazo ni nyingi. Na daraja lisilopita zimamoto, watajenga la zege kando yake, na hili lako safi litakaa bila mtu wa kulifagia.

SALUM: Umerudi kwenye ufagio mwenyewe.

MWANAIDI: Sijakubali.

SALUM: Nami sijakubali.

MWANAIDI: Dakika mbili zimebaki, na tuko hatua ya tatu kwa kupotea. Jeki?

SALUM: Jeki ni kipindi kizima. Ukimaliza kupima mbinuko kwa kamba kila kiungo, unainua milimita chache, unasubiri, unasikiliza. Kenchi iliyobonyea miaka mia haipendi kunyooshwa asubuhi moja. Viungo vinapasuka hapo hapo.

MWANAIDI: Unainua hadi wapi?

SALUM: Hilo ndilo tutakalogombana.

MWANAIDI: Moto je?

SALUM: Moto tumeukosa. Na ile fremu ya chuma mbele ya lango inayozuia malori yenye kimo kikubwa, nayo tumeikosa.

MWANAIDI: Na njiwa?

SALUM: Wavu, tundu dogo, chini ya paa. Kabla ya kufagia.

MWANAIDI: Kabla? Ulisema ufagio ndio wa kwanza!

SALUM: Zima maikrofoni.