Kuinua Gari Hakuinui Difu

Karibuni jamani. Waliosimama nyuma sogeeni, viti vipo. Najua wengi mmekuja mkitaka nianze na springi na matairi makubwa. Nitafika huko muda ukiruhusu, na walionisikia mwaka jana wanajua kwamba hautaruhusu.

Nazungumzia Hilux ya zamani, LN106, yenye injini ya dizeli iitwayo 3L, springi za bapa mbele na nyuma. Hapa Morogoro zipo, na nyingi zimeshainuliwa. Mwenye nayo analala mjini, asubuhi anashika lami ya Dodoma mpaka Dakawa, kisha anakata kuingia mashamba ya mpunga. Masika yakichanganya, udongo mweusi wa kule unajulikana, sina haja ya kuwasimulia. Jioni gari hilohilo lirudi kwenye lami, lisimame mtu akikatiza barabara.

Sasa difu, ile nundu ya gia katikati ya ekseli. Kaka mmoja aliniletea pikapu imeinuliwa inchi nne, imepigwa rangi mpya, taa za juu zinawaka kama ukumbi wa harusi. Malalamiko yake: nyuma kunavuma. Nikachukua spana namba 24, nikafungua plagi ya juu ya difu. Ya juu kwanza, siku zote! Ukimwaga oili halafu ya kujazia ikakataa kufunguka, gari litalala hapohapo. Nikaingiza kidole. Oili haikuwa nyeusi wala ya kahawia, ilikuwa nyeupe-nyeupe, imeumuka, inateleza bila kushika. Maji. Beringi zilikuwa zimeanza kuliwa na kutu.

Akaniambia, "Fundi, gari langu liko juu, maji yalifikaje huko?"

Hapo ndipo ninapokosa subira. Baba, umeinua bodi! Springi zinakaa kati ya ekseli na chesisi. Ukiziongezea urefu, chesisi inapanda, ekseli inabaki ilipokuwa. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Ukitoa 205R16 ya kiwandani ukaweka inchi 33, umepata takriban sentimita tano chini ya difu. Basi. Gharama yote ile, kina cha maji kinachofika kwenye sili zako, ile mipira inayozuia oili isitoke, kimebadilika kwa sentimita tano.

Na maji hayaingii kwa sababu ya sili mbovu tu, kama mnavyodhani. Difu ikitembea lami kutoka mjini inapata moto, hewa ndani inatanuka. Juu ya ekseli kuna kipumulio, kidude kidogo chenye kofia, kazi yake kutoa hewa hiyo. Ukiizamisha ghafla kwenye mfereji, difu inapoa, hewa inasinyaa, na inavuta chochote kilicho karibu. Kilicho karibu ni maji. Kipumulio kikiwa kimezibwa na tope lililokauka ni balaa la pili: safari hii joto linasukuma oili itoke kwenye sili za pembeni, inamwagikia brekishu za nyuma. Unakanyaga breki, gari linakuangalia tu.

Dawa yake ni mpira wa mafuta. Ng'oa kipumulio, funga nipeli, vuta mpira mpaka juu nyuma ya taa, na uache ulegevu wa kutosha ili ekseli ikishuka usikatike. Difu ya mbele nayo, giaboksi nayo. Mtaniambia kuna vifaa maalumu vya dukani. Vipo, na ni vizuri. Lakini asiyenunua mpira kwa sababu anangojea kifaa cha dukani anajitafutia sababu. Na ukitoka kwenye maji marefu, kesho yake fungua plagi uangalie. Oili ya 80W-90 si ghali kuliko krauni na pinioni, gia za ndani ya difu.

Naona dada pale anaangalia saa. Haya, breki.

Hilux nyingi za zamani zina vali nyuma, imefungwa kwenye chesisi, ina fimbo inayoshuka mpaka kwenye ekseli. Inapima mzigo: gari likibeba, chesisi inashuka, vali inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Umeinua gari? Vali inadhani uko mtupu siku zote. Pakia magunia ya mpunga uone. Mabano ya fimbo lazima yarekebishwe kufuata kimo kipya. Mipira ya breki nayo irefushwe. Piga jeki kwenye chesisi, ekseli ining'inie, uone kama mipira imekaza. Ngoma za nyuma zifunguliwe zioshwe, tope likikaa humo linasaga brekishu kama msasa.

Matairi, haraka. Ukiwa na 33, mshale ukisoma 50 kijijini wewe unakwenda 57, na tochi ya trafiki haijui kwamba ulibadilisha matairi. Kwenye tope shusha upepo mpaka kama PSI 20, lakini uwe na pampu, kwa sababu kurudi lami na tairi laini ni kulichoma. Na usukani ukitetemeka jioni, kabla hujakimbilia kubalansi, chungulia ndani ya rimu. Ni tope. Maji na brashi, bure kabisa.

Habu za mbele, zile za kuunganisha magurudumu ya mbele na ekseli yake, zifungwe kwa mkono kabla ya kuingia kwenye tope, si baada ya kukwama, maana utazitafuta chini ya tope ukiwa umepiga magoti.

Winchi na snokeli siwezi tena, naambiwa wenye ukumbi wanataka kufunga. Pale nje kuna LN106 juu ya mawe, nimeiacha na kipumulio chake cha kiwandani makusudi. Anayetaka kuona vali ya breki anifuate, na mmoja wenu aje na ile spana namba 24, ipo chini ya kiti changu.