Skanki wa huku Ohio: anakuonya kabla hajakupiga

Habari zenu wapendwa, karibuni tena, leo niko hapa nyuma ya nyumba Columbus, Ohio, Marekani, jua linazama, na ningetamani simu ingekuwa inabeba harufu ili mnielewe vizuri maana hii ni siku ya tatu na bado inanuka hapa.

Iko hivi, juzi nimetoka shifti ya usiku, saa nane na ushee, nikamtoa mbwa wa mwenye nyumba akakojoe, ghafla naona kitu cheusi kinatembea taratiibu kwenye majani, mgongoni mistari miwili myeupe, mkia manyoya matupu, ukubwa kama wa paka. Skanki! Mimi nikaganda palepale. Mbwa yeye akaona kapata wa kucheza naye.

Nyumbani sisi tuna kicheche, waliokulia porini wanamjua, na yeye mweusi ana mistari myeupe na akibanwa anatoa uvundo. Ila sio ndugu hawa, kicheche ni ukoo mmoja na nyegere, huyu wa huku ana ukoo wake. Silaha tu ndo wamefanana.

Sasa nilichotaka niwaambie leo ni hiki jamani, yule mnyama alimuonya mbwa. Nimesimama nashuhudia kwa macho yangu. Kwanza alipiga miguu ya mbele chini, pu pu pu pu, kama mtoto amenyimwa kitu. Mbwa hajali. Akafoka, akaja mbele hatua mbili tatu kama anataka kuvamia kisha akarudi nyuma anaburuza miguu, mkia akausimamisha wima manyoya yote yamefumuka, na mimi huku naita mbwa rudi, rudi, wapi. Mwisho akajikunja mwili mzima kama herufi U, yaani uso unamwangalia mbwa na matako nayo yanamwangalia mbwa, na akifika hapo basi, maongezi yameisha.

Na anaonya hivyo kwa sababu risasi zake ni chache. Ana tezi mbili pembeni ya mkundu, kila moja ina kichuchu chake, na anavielekeza anakotaka, akimuona adui vizuri anarusha mchirizi umwingie usoni, akiwa anakimbizwa haoni nyuma anaachia kama ukungu ili anayemfukuza apite humo humo. Mita tatu anakupata bila shida. Lakini mzigo alionao unatosha kama mara tano au sita tu, akiumaliza inachukua siku kadhaa, wiki na zaidi, mpaka tezi zijae tena, na siku zote hizo anatembea porini mikono mitupu. Ndo maana hawezi kuupoteza hovyo.

Ile yenyewe ni mafuta ya njano yenye kemikali za salfa, familia moja na ile dawa wanayotia kwenye gesi ya kupikia ili mtungi ukivuja mnuse. Mbwa alipigwa usoni, akawa anajisugua kwenye majani huku analia, macho yanawasha, anatoa udenda, nilimuonea huruma sana. Watu watakwambia muogeshe juisi ya nyanya. Haisaidii, ni pua yako tu imechoka unadhani imeisha. Inayosaidia kweli ni ile aliyoitoa mkemia mmoja wa Illinois, Paul Krebaum, mwaka 1993, unachukua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kama lita moja, robo kikombe cha beking soda, kijiko kidogo cha sabuni ya maji, unachanganya unampaka hapo hapo unasubiri kama dakika tano unasuuza, macho usiyaguse. Na msije mkaiweka kwenye chupa mkafunga, inatoa gesi, chupa itapasuka. Kuna sehemu ya ule uvundo inajificha kwenye manyoya, mbwa akilowa tu inaamka upya, jana imenyesha mvua tukaanza moja.

Koyote, yaani mbwa mwitu mdogo wa huku, na mbweha wakishaonja mara moja wakiona ile mistari tu wanakaa mbali, isipokuwa awe na njaa kali. Anayemuweza ni bundi mkubwa wa huku, anashuka kutoka juu kimya kimya na pua yake ni dhaifu, harufu haimsumbui. Na magari. Hapa roho inaniuma, maana gari likija yeye hakimbii, anasimama anainua mkia analionya kama anavyomuonya mbwa. Asubuhi unawakuta barabarani wamelala.

Sasa jirani mmoja ananiambia tega sumu. Sumu ya nini, amemkosea nani? Ukimuona mchana anayumba yumba hapo sawa, kaa mbali piga simu kwa wahusika, wanabeba kichaa cha mbwa hawa. Lakini huyu wetu ni mama, ana watoto wanne chini ya ngazi za nyuma, jana jioni nimewaona wametoka wamefuatana mstari mmoja nyuma yake, wadogo, mistari yao tayari imekamilika. Nimeongea na mwenye nyumba, amekubali tusubiri wakue wahame wenyewe.

Saa tatu inakaribia, ndo muda wao, mbwa nimeshamfungia ndani. Ngoja nizime taa nisogee kule.